Njia ya vituo au kujipima kwa vipindi: ipi ikufae unapotaka kukariri?

Mwanafunzi mwenye mtihani mwezi ujao, mhubiri asiyetaka kusoma karatasi mimbarani, muuguzi anayejifunza majina ya dawa na kijana anayehifadhi Qur'ani wana haja moja: kitu kiingie kichwani, na kitoke kinapotakiwa. Wengi hukisoma tena na tena mpaka kikae. Hiyo ni miongoni mwa njia dhaifu, na sababu yake nitaieleza. Zipo mbili ambazo mara nyingi zimeishinda zilipopimwa vizuri. Ya kwanza ni kuyapanga mambo kwenye sehemu unazozijua, kituo kwa kituo, kisha kuzipitia kwa mawazo ukiyaokota. Ya pili ni kufunga kitabu na kujiuliza maswali leo, kesho kutwa, na tena wiki ijayo.

Wanaozifundisha huzinadi kana kwamba ukishika moja lazima uiache nyingine. Mimi naona ni kazi mbili tofauti kabisa. Njia ya vituo huingiza vitu kichwani haraka na kwa mpangilio. Kujipima huvifanya vikae. Ukilielewa hilo, kuchagua si kugumu, lakini kwanza tuone kwa nini mahali pana nguvu hiyo.

Kwa nini ubongo hukumbuka kwa mahali

Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, Henry Molaison alifanyiwa upasuaji akiwa na miaka 27. Kifafa kikali kilikuwa kimemnyima kazi na maisha ya kawaida. Daktari William Scoville alimwondolea sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo kidogo kilichojikunja ndani kabisa, usawa wa masikio. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo Molaison hakuweza kushika jambo jipya. Ukiongea naye, ukatoka, ukarudi baada ya dakika chache, alikupokea kama mgeni. Brenda Milner, mwanasaikolojia wa Montreal, alimchunguza kwa miaka mingi akaonyesha kwamba akili yake ilikuwa timamu, maneno aliyajua, na utoto wake aliukumbuka. Alichopoteza ni uwezo wa kuweka akiba mpya.

Miaka kumi na minane baadaye, mwaka 1971, John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walikuwa London wakinasa ishara za seli za kiungo hichohicho katika panya aliyekuwa huru kutembea. Waliona jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwenye kiungo cha kumbukumbu: seli moja iliwaka pale tu panya alipofika sehemu fulani ya sakafu, na akiondoka ikatulia. Seli nyingine ilikuwa na sehemu yake nyingine. Zikaitwa seli za mahali. Mwaka 2005, Trondheim nchini Norwe, May-Britt Moser, Edvard Moser na wenzao walikuta katika gamba la entorinali, jirani wa hipokampasi, seli zinazowaka kwenye vituo vingi vilivyopangika kwa umbali sawa, pembetatu baada ya pembetatu, sakafu nzima. Hizo ni seli za gridi, kipimo cha umbali na mwelekeo. O'Keefe na akina Moser walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2014.

Kwa hiyo kiungo ambacho Molaison alipokikosa alishindwa kukumbuka ndicho hichohicho kinachomwambia panya yuko wapi. Haikutokea kwa bahati. Kila jambo lililokupata lilikupata mahali fulani, na ubongo unapoliweka huliweka pamoja na mahali pake. Ndiyo maana ukitaka kujua funguo umeziacha wapi hurudi nyuma kwa mawazo: nilifika, nikasimama hapa, nikapita pale. Ulipopita huvuta ulichofanya.

Watafiti wa Oxford walikwenda mbali zaidi mwaka 2016. Waliwafundisha watu kuoanisha alama na michoro ya ndege wanaotofautiana urefu wa shingo na wa miguu, kisha wakaangalia ubongo wakati watu hao wanawaza jinsi ndege mmoja anavyobadilika kuwa mwingine. Ishara ya aina ya gridi ikajitokeza, ingawa hakuna aliyenyanyua mguu. Ina maana ubongo unaweza kutumia zana zake za kutembelea ardhi hata katika mambo yasiyo na ardhi. Njia ya vituo imejengwa juu ya uwezo huo, na imekuwapo maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kujua kuwa seli za mahali zipo.

Njia ya vituo

Wagiriki na Waroma wa kale waliitumia kwenye hotuba. Cicero, msemaji maarufu wa Roma ya kale, anasimulia habari za mshairi Simonides, aliyetoka nje ya ukumbi wa karamu muda mfupi kabla paa halijaporomoka. Maiti ziliharibika hata ndugu wasiwatambue watu wao, naye akawataja mmoja mmoja kwa kukumbuka kila mgeni alikuwa ameketi wapi. Kwa Waluba, kusini-mashariki mwa nchi ambayo leo ni Kongo, watu wa kumbukumbu wa chama cha Mbudye walitumia lukasa: ubao unaotosha kiganjani, uliopigiliwa shanga na simbi. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia kutoka shanga hadi shanga, akisimulia wafalme, safari za mababu na mpangilio wa nyua za kifalme. Shanga haikuandika neno lolote. Ilikuwa kituo, na habari ilikaa kwa msomaji.

Tuijaribu kwa kitu kinachowasumbua wanafunzi wengi, elementi kumi za kwanza za jedwali la kemia. Chukua nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza, mlango, ukumbi mrefu wenye vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, ua nyuma, kisha jiko. Hivyo ni vituo kumi ukiuhesabu ukumbi kama njia tu.

Barazani, mahali pa haidrojeni, weka moto unaolipuka, kwa kuwa gesi hiyo huwaka vikali. Mlangoni funga maputo ya heliamu yanayouvuta mlango juu. Chumba cha kwanza kulia, betri ya simu ya lithiamu imevimba kitandani. Cha pili, zumaridi zimemwagika sakafuni, maana jiwe hilo lina berili ndani yake. Cha tatu, bakuli la kioo kisichopasuka kwa moto, lenye boroni. Vuka upande wa kushoto: chumba cha kwanza kimejaa magunia ya mkaa, ndiyo kaboni. Kinachofuata kina mifuko ya mbolea ya naitrojeni, na cha tatu kina mgonjwa aliyewekewa mtungi wa oksijeni. Uani mtu anapiga mswaki kwa dawa ya meno yenye florini, povu limejaa ua mzima. Jikoni kuna taa nyekundu ya neoni, kama ya baa.

Ukipita mara mbili tatu kwa mawazo, umezipata kwa mpangilio, na zaidi ya hapo kituo cha saba ndicho namba ya atomi ya saba. Ukiulizwa namba nane huhitaji kuanza mwanzo. Unaingia moja kwa moja kwenye chumba cha mgonjwa. Huo ndio uzuri wake mkubwa ambao wimbo wa kukariri hauna: wimbo lazima uanze kuuimba kutoka juu.

Ushahidi wake? Mwaka 2003 Eleanor Maguire na wenzake waliwapima watu kumi waliokuwa miongoni mwa mabingwa wa kumbukumbu duniani. Bongo zao hazikuwa na umbo tofauti na za watu wengine, wala hawakuwashinda wengine kwa akili ya jumla. Tisa kati yao walitumia njia hii, na walipokuwa wanakariri, sehemu za ubongo zinazoshughulikia njia na mahali ndizo zilizofanya kazi. Mwaka 2017 timu ya Martin Dresler iliwafunza watu wa kawaida kwa wiki sita, nusu saa kwa siku. Kabla ya mafunzo walikumbuka maneno kati ya 26 na 30 kwenye orodha ya maneno 72. Baadaye waliongeza maneno 35 kwa wastani. Wengine waliopewa mazoezi ya kumbukumbu ya muda mfupi hawakupata faida kama hiyo.

Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu matangazo ya kozi za kumbukumbu hupapita mbio. Miezi minne baadaye watu wale walipimwa tena na bado walikuwa juu sana kuliko walipoanzia. Kilichodumu ni ufundi wa kukariri orodha. Haina maana kwamba maneno waliyokariri siku ya kwanza yalidumu miezi minne. Nyumba yako ya elementi nayo ukiijenga Jumatatu usiirudie, vyumba vitaanza kuwa vitupu kabla ya mwezi kwisha.

Kujipima kwa vipindi

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kisayansi. Kundi moja lilisoma mara nne. Jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha likafunga karatasi na kuandika lililolikumbuka mara tatu. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliosoma tu asilimia 40. Tena waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka.

Ndiyo sababu kusoma tena na tena kunadanganya. Macho yanapopita juu ya mstari uliozoeleka, unahisi unaujua. Lakini kuutambua mstari ukiwa mbele yako na kuutoa kichwani ukiwa haupo ni mambo mawili, na mtihani hudai la pili. Mwanafunzi anayekesha na daftari usiku wa kuamkia mtihani huenda akafaulu kesho yake asubuhi, lakini wiki moja tu baadaye atakuwa amesahau sehemu kubwa.

Jambo la pili ni pengo kati ya mazoezi. Hermann Ebbinghaus aliandika tangu mwaka 1885 jinsi tunavyosahau haraka mwanzoni kisha polepole. Utafiti mkubwa wa mwaka 2008, wenye watu zaidi ya 1,300, ulionyesha kuwa pengo zuri hutegemea unataka kukumbuka mpaka lini. Kwa jambo la wiki moja, rudia baada ya siku moja. Kwa jambo la karibu mwaka mzima, pengo la wiki tatu lilikuwa bora. Usingizi nao una kazi yake humo. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kuwa seli za mahali zilizowaka pamoja panya alipokuwa akitembea huelekea kuwaka pamoja tena anapolala, kana kwamba anairudia njia. Mtu anayebana mazoezi yote katika usiku mmoja huzikosa siku za kulala katikati.

Vifaa vyake ni rahisi mno: kadi za karatasi, swali mbele na jibu nyuma, na visanduku vitatu au vinne. Kadi uliyoipata inakwenda kisanduku cha mbele kinachofunguliwa kwa nadra, uliyokosa inarudi kisanduku cha kila siku. Programu za simu hufanya hesabu hiyo zenyewe. Mimi napendelea kadi za karatasi kwa anayeanza, maana kuandika swali zuri ni nusu ya kujifunza.

Udhaifu wake ni kwamba inachosha mwanzoni. Unakosa, unakosa, unakosa. Orodha ndefu ya vitu visivyo na uhusiano, iliyovunjwa kwenye kadi, huingia polepole na hupoteza mpangilio wake: utajua kila kadi peke yake bila kujua ipi inatangulia.

Zikiwekwa pamoja

Kwa mpangilio, njia ya vituo haina mshindani. Hatua za kuhudumia majeruhi, hoja za hotuba, mfululizo wa matukio, majina ya mfupa baada ya mfupa: peleka huko. Mhubiri au mwanasheria mwenye hoja nane na siku mbili asihangaike na kadi. Atembee kanisani au mahakamani penyewe akiwa na nafasi, aweke hoja ya kwanza mlangoni na ya mwisho pale atakaposimama.

Kwa uelewa, njia ya vituo haina msaada mkubwa. Povu la florini uani halikuambii kwa nini florini huungana na karibu kila kitu. Kwa hilo unahitaji kujiuliza kwa nini, ueleze kwa maneno yako, ukosee, usahihishwe. Vivyo hivyo fomula za hesabu, sarufi ya lugha, sababu za vita: kujipima, bila shaka yoyote. Msamiati wa lugha ya kigeni nao nauweka huku, kwa sababu neno unalihitaji katikati ya mazungumzo, na hutakuwa na nafasi ya kupita vyumbani kulitafuta.

Kwa muda, vituo hukulipa leo hii, na kujipima hukulipa mwezi ujao. Kwa gharama, zote ni bure, ila vituo vinadai wiki kadhaa za kuzoea kabla hujawa mwepesi. Wazee hufaidika na vituo, lakini kwa kiasi kidogo kuliko vijana. Wapo pia watu ambao wakifumba macho hawaoni picha yoyote. Hao wasijilazimishe, waende kwenye kadi.

Tatizo moja la vituo halisemwi sana. Nyumba moja ikibeba orodha tatu kwa wiki moja, vitu huchanganyika: mkaa wa kemia unakutana na hoja ya tatu ya hotuba. Unahitaji njia nyingi, na njia zenye vituo vinavyotofautiana. Vyumba sita vinavyofanana ni vibaya kuliko vyumba sita ambavyo kila kimoja unamjua mwenyewe na kitanda chake kilivyokaa. Hapo ndipo kuijua mitaa kwa miguu yako kunapokuwa mtaji.

Madereva wa teksi za London ndio mfano mkubwa. Ili kupata leseni hujifunza mitaa ipatayo 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, kazi ya miaka mitatu minne. Maguire alionyesha mwaka 2000 kuwa sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Mwaka 2006 aliwalinganisha na madereva wa mabasi wa jiji hilohilo, wanaoendesha saa nyingi vilevile lakini kwenye ruti zilezile kila siku, na ukubwa ule ulikuwa kwa wa teksi. Kisha yeye na Katherine Woollett wakafuatilia wanafunzi 79 wa udereva huo. Waliofaulu walikuwa 39, na kwao ndiko sehemu ile ilikoongezeka. Ilikuwa na bei yake pia: madereva wa teksi walikuwa dhaifu kuliko wa mabasi katika kukumbuka mchoro mgeni baada ya muda.

Nayo ramani ya simu inayokuamrisha pinda kulia, pinda kushoto? Utafiti wa University College London wa mwaka 2017, uliowapitisha watu katika mitaa ya Soho kwa picha za video, uliona hipokampasi ikichangamka walipoingia mtaa mpya wakijitafutia njia, na ikikaa kimya walipofuata maelekezo tu. Mtu anayetaka kutumia njia ya vituo na azime simu mara moja moja akiwa mjini, ajitafutie njia mwenyewe.

Wanaohifadhi Qur'ani, na namna ya kuziunganisha

Madrasa zimeunganisha njia hizi zamani. Mwanafunzi humsomea ustadhi kwa ghibu somo la jana kabla ya kupewa jipya, kisha kuna muraja'a, yaani kurudia, ya juzuu za nyuma. Huko ni kujipima kwa vipindi, mbele ya msikilizaji asiyekubali kosa. Wakati huohuo huusiwa asibadilishe msahafu. Ule wa Madina una kurasa 604, mistari 15 kwa ukurasa, na kila ukurasa humalizikia mwisho wa aya. Baada ya muda hafidhi anajua aya iko juu kulia au chini kushoto, na akikwama huuona ukurasa. Mahali panamrudisha kwenye njia. Akichukua msahafu wa mpangilio mwingine, nusu ya msaada huo umepotea.

Henry Molaison mwenyewe anatuonyesha kitu hapa. Hakumjua mtu aliyeongea naye asubuhi, lakini aliweza kuchora mpangilio wa vyumba vya nyumba aliyohamia miaka mitano baada ya upasuaji. Aliipita kila siku kwa miaka mingi, na marudio yale, yakiungana na mahali, yakapenya hata katika ubongo uliopungukiwa kiasi kile.

Kwa mwenye mtihani wiki tatu zijazo ningeshauri hivi. Siku tatu za kwanza pitia muhtasari wote, ukitenga mambo ya orodha na mambo ya kueleza. Ya orodha yajengee vituo siku hiyohiyo, njia moja kwa kila somo: nyumbani kwa kemia, barabara ya shuleni kwa biolojia. Ya kueleza yaandikie maswali. Kuanzia siku ya nne, kila jioni jipime bila kufungua daftari, na zile nyumba nazo zipite kwa kuanzia kituo cha mwisho kurudi cha kwanza, au kwa kurukia cha tano na cha nane, kwa sababu mtahini hataanzia barazani. Ulichokosa leo kirudi kesho. Ulichopata kisubiri siku nne, kisha wiki. Usiku wa mwisho lala mapema.

Hotuba ya keshokutwa: vituo pekee. Lugha mpya, au masomo ya mwaka mzima: kadi, na vituo kwa orodha chache zenye mpangilio. Ukiwa huna nafasi ya kujifunza zaidi ya njia moja, anza na kujipima. Haihitaji ufundi wowote, na unaweza kuianza leo kwa habari hii uliyoisoma, ukiifunga sasa na kuandika unachokumbuka.